Mbegu za Akeyo Zilizolala

Siku hizo hakuna aliyepanda mboga ya akeyo. Nani apande kitu kinachojiotea chenyewe? Ukitoka Nyamasaria asubuhi baada ya mvua, ukafuata barabara ya Nairobi, ungeikuta kando ya mtaro, pande zote mbili. Majani yake yamegawanyika kama vidole vya mkono, na maua yake ni meupe yenye zambarau kidogo. Wengine huiita mgagani, wengine saga. Wasioijua walidhani ni magugu tu. Shauri yao.

Lornah aliolewa Nyamasaria mwaka 1981, akitokea Seme. Mama mkwe wake, Dorca Aoko, alikuwa mjane mwenye maneno mengi. Ndiye aliyemwonyesha Lornah mahali pa kuchuma. Asubuhi walitoka wawili, kila mmoja na kikapu chake. Dorca alitangulia akisimulia habari za kila boma walilopita, nani amegombana na nani, na kwa nini. Lornah alicheka mpaka akasahau kuchuma.

"Nyar Seme," Dorca angesema, maana yake binti wa Seme, "tutakula kicheko leo?"

Wakirudi, Dorca aliichemsha mboga na kumwaga yale maji machungu. Kisha aliitia kwenye chungu pamoja na maziwa. Kesho yake aliongeza maziwa, na kesho kutwa tena. Siku ya tatu ndipo watu walikula. Utamu wake, wewe acha tu. Uchungu ulibaki kidogo, wa kukufanya urudie sahani. Mpaka leo Lornah akizikumbuka jioni hizo, moyo unamlainika.

Basi, mambo yakabadilika. Kufikia mwaka 1988, kando ya barabara palijaa gereji na vibanda. Mafundi walimwaga oili chafu mtaroni. Malori yalipita kutwa nzima yakitoa moshi mweusi. Akeyo iliyobaki ilikuwa na vumbi jingi, na ukiiosha, maji yanateleza mafuta.

Agneta Nelima ndiye aliyewakataza. Agneta alikuwa mama shamba, yaani afisa wa kilimo. Alitoka Bungoma, na alipanga nyumba jirani na boma la Dorca.

"Mama, hiyo msile," alisema siku moja alipowakuta na vikapu. "Oili na moshi wa magari vina sumu. Mboga inaivuta, na kuosha hakuiondoi yote."

"Sasa tule nini?" Dorca aliuliza. "Sukuma wiki kila siku? Mimi si ng'ombe."

"Pandeni nyumbani. Kwetu pia tunaipenda sana. Tunaiita chisaka."

Dorca alicheka. Kupanda akeyo! Lakini mwezi wa saba mwaka huo akaugua malaria, na alipopona, hamu ya chakula ilikuwa imeisha. Akawa mwembamba. Kila sahani aliisukuma pembeni na kutaja akeyo. Lornah alimpenda mama huyu, na alipomwona amekonda hivyo, aliogopa.

Siku moja walipata miche michache iliyokomaa mbali na barabara, nyuma ya kanisa. Dorca akapukuchua mbegu zake, ndogo ndogo, nyeusi. Akazigawa mara mbili na kumpa Lornah fungu moja.

"Hizi zako, hizi zangu," alisema. "Tunza. Mvua kubwa ikija mwezi wa tatu, nitaanza mimi, halafu wewe."

Lornah alielewa. Katika boma lile, kama katika maboma mengi ya Wajaluo, mama mwenye nyumba ndiye huanza kupanda. Wake za wanawe humngoja. Anayemtangulia ni kama anatangaza kwamba mama hayupo tena duniani.

Wiki iliyofuata Dorca alienda Asembo kwa mazishi ya kaka yake, akakaa huko mwezi mzima. Mvua ndogo zikaanza. Lornah akawaza: mwezi wa tatu ni mbali, na Mama hali chakula. Je, akirudi akute mboga ya kijani inamngoja? Tena hii ni mboga tu, si mtama wala mahindi. Akalima kijibustani nyuma ya jiko lake. Akachimba mashimo marefu kama ya mahindi, akatia mbegu zote za fungu lake, akafukia na kukanyaga. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hakumwambia mtu.

Hakuna kilichoota. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu Dorca akarudi.

Alikiona kijibustani kabla hata hajavua viatu. Akasimama, akautazama ule udongo mtupu.

"Ulipanda nini hapa?"

"Akeyo, Mama."

"Nani alianza?"

Dorca akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Tangu siku hiyo Dorca hakula chakula cha Lornah. Jioni Lornah alimpelekea ugali na samaki, na asubuhi alivikuta mlangoni vilevile, vimefunikwa. Kwa mila za huko, mama mkwe akikataa chakula chako ni aibu kubwa. Dorca alipika uji wake mwenyewe, akanywa peke yake. Hakumwita tena Nyar Seme. Hakumwita jina lolote.

Obiero, mume wa Lornah, alikuwa fundi wa baiskeli na mtu wa maneno machache. Alijaribu kumwomba mama yake.

"Mbegu zimekataa kutoka," Dorca alimjibu. "Zimekataa kwa sababu mkeo amenizika nikiwa hai. Unataka nile kwenye mkono huo?"

Lornah aliyasikia hayo kutoka jikoni, akalia. Baya zaidi ni kwamba alianza kuyaamini. Mama mkwe alizidi kukonda, na Lornah alijiona ndiye anayemuua.

Mwezi wa kwanza Agneta alipita kuomba moto, akamkuta Lornah amevimba macho. Akauliza, na Lornah akamweleza yote. Agneta alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu ulizipanda lini baada ya kuzipukuchua?"

"Wiki mbili hivi."

"Na ulizifukia kiasi gani?"

Lornah akaonyesha kiganja kizima.

"Haya, twende kwa Mama," alisema Agneta.

Walimkuta Dorca ameketi barazani. Hakumtazama Lornah. Agneta akamsalimu kwa heshima, akavuta kigoda.

"Mama, mbegu ya akeyo ikitoka tu kwenye mti wake huwa imelala. Hata mimi nikiipanda, haioti. Inataka kukaa mahali pakavu miezi mitatu, minne, hata sita, ndipo iamke. Lornah aliipanda ikiwa changa. Tena ni ndogo mno. Ukiizika chini hivyo, haina nguvu ya kutoka."

"Kwa hiyo unasema mila yetu ni uongo?"

"Sijasema hivyo. Mila ni yenu, mimi ni mgeni hapa. Ninachosema ni kwamba mbegu hazikumkataa mtu. Tena wewe ulimwambia angoje mpaka mwezi wa tatu. Angengoja, zingekuwa zimeamka."

"Zangu bado ninazo," Dorca alisema.

"Basi mvua ikija, anza wewe. Mimi nitakuja."

Mvua kubwa ilianza katikati ya mwezi wa tatu. Obiero akalima bustani ya mama yake. Akailima upya na ile ya Lornah, akaupindua udongo wa chini ukaja juu, akachanganya samadi kwenye zote mbili. Agneta akaja na mchanga mkavu kwenye sufuria.

"Changanya mbegu na mchanga, Mama. La sivyo utazimwaga zote mahali pamoja. Chora mistari, kati ya mmoja na mwingine uache futi moja. Usichimbe. Funika kidogo tu, kama unene wa ukucha."

Dorca akainama na kupanda. Lornah alisimama mbali, mikono mitupu. Hakuwa na mbegu hata moja.

Siku ya sita, miche ya Dorca ikatokeza. Lornah alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na maumivu. Zimemkubali yeye, akawaza. Mimi zilinikataa.

Siku ya nane alienda nyuma ya jiko kumwaga maji ya vyombo. Akaona vitu vya kijani kwenye bustani yake. Akainama. Akashika jani dogo, akalinusa. Ile harufu kali ilikuwa yenyewe kabisa. Miche ilikuwa imejaa kila mahali, mingi kuliko ya Dorca, imebanana.

Hakujua amwite nani. Alikaa chini palepale kwenye matope.

Dorca ndiye aliyemkuta hapo. Alikuja akiegemea fimbo yake, akatazama bustani, akatazama tena.

"Ulipanda nyingine?"

"Sikuwa nazo, Mama. Ni zilezile. Obiero aliupindua udongo."

Machozi yakamtoka Dorca, na hakuyaficha.

"Kumbe zilikuwa zimelala," alisema. "Miezi yote hii nimekutesa kwa mbegu iliyolala. Nisamehe, Nyar Seme."

Baada ya wiki mbili Agneta akawaambia wapunguze miche iliyobanana, ili inayobaki inenepe. "Mnayong'oa msiitupe. Ni mboga hiyo. Halafu chipukizi la juu mlikate, na maua yakianza, myachume. Mkiyaacha, majani yatakuwa machache na magumu. Miche mitatu au minne iliyo mizuri zaidi muiache itoe maua, iwe ya mbegu. Maganda yakiwa ya manjano, vuneni kabla hayajapasuka."

Dorca aliing'oa ile miche midogo kwa mkono wake mwenyewe. Akampa Lornah.

"Pika wewe," alisema. "Leo nakula kwako."

Lornah aliipika kwa maziwa siku tatu, kama alivyofundishwa. Dorca aliketi jikoni kwa Lornah, akala, akasukuma sahani mbele aongezwe. Kufikia mwezi wa sita nguo zilikuwa zinamkaa tena. Mwaka uliofuata nusu ya wanawake wa kanisa walikuwa na akeyo nyuma ya jiko, na wachache walianza kupeleka mafungu soko la Kibuye. Kila aliyeomba mbegu, Dorca alimpa somo kwanza, refu, na utani juu. Ingawa siku zile alicheka Agneta aliposema akeyo ipandwe, sasa alisimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Miaka sita yeye na Lornah walipanda hivyo, Dorca kwanza, Lornah baadaye. Walichuma pamoja na kucheka kama zamani za barabarani. Mwishoni mwa 1994 Dorca alifariki usingizini, mzee, tumbo limeshiba.

Mvua ya mwezi wa tatu ilipokuja, Lornah alitoka na mbegu zilizopumzika na mchanga kwenye sufuria. Nyuma yake alikuja Elsie, mke wa Ouma, mdogo wake Obiero, aliyeolewa mwaka uliopita. Elsie naye alikuwa na fungu lake mkononi. Obiero alikuwa amemaliza kulima. Lornah akasimama kwenye ukingo wa bustani. Akatazama mlango wa nyumba ya Dorca, akangoja. Dakika zikapita.

"Nyar Seme," Elsie alisema taratibu, "tunakungoja wewe."

Lornah akafuta macho kwa ncha ya leso. Akainama, akachora mstari wa kwanza.