Aliyeanguka na Ngazi

Siku za shule Adolphine alishuka kwenye basi la manjano karibu na maduka ya Highview, kusini mwa jiji la Louisville, akavuka uwanja wa magari na kufungua mlango wa fleti yao kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Saa hizo mama yake, Esperance, alikuwa ameshaingia zamu ya mchana kwenye ghala la vifurushi. Chakula kilikuwa jikoni kimefunikwa. Adolphine alikipasha moto, akala, akaosha vyombo, kisha akangoja simu. Mama alipiga kila jioni wakati wa mapumziko.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Na kazi za shule?"

"Ninafanya."

Mwezi wa Machi mwaka 2015, jibu hilo la mwisho lilianza kuwa la uongo.

Chanzo kilikuwa filamu za kimya. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa lao, Mwalimu Kefa aliwaonyesha watu filamu za zamani zisizo na sauti. Kefa alikuwa Mkenya aliyekuja Marekani kusoma, na sasa alifanya kazi ya uhasibu na kuwalea vijana wa kanisa. Katika filamu zake watu walibeba mbao ndefu wakageuka na kuwagonga wenzao, waliteleza kwenye sabuni, walikimbia juu ya mapaa na kuruka kutoka gari moja hadi jingine. Mjomba Balagizi, kaka yake Mama, ambaye uchovu wa kiwandani ulimlaza usingizi popote alipokaa, alicheka hapo hadi akavua miwani afute machozi. Familia zilizofika juzi kutoka kambi za wakimbizi, ambazo hazikujua Kiingereza hata cha kuombea maji, zilicheka pamoja na watoto waliozaliwa Louisville.

"Filamu hizi zina karibu miaka mia," Adolphine alimwuliza Kefa siku moja. "Mbona bado zinachekesha?"

"Mtu akiteleza, hakuna anayeuliza ameteleza kwa lugha gani," Kefa alijibu. "Halafu mwangalie vizuri. Yule haanguki ovyo. Anaanguka kama alivyopanga. Alifanya mazoezi mpaka mwili ukajua wenyewe. Na wengine waliumia kweli, usifikiri ni mchezo tu."

Maneno hayo yalimwingia Adolphine. Kila alasiri hadi jioni, simu ikiwa mfukoni, alijifunza kuanguka badala ya kufungua vitabu. Alianza kwa kubingirika juu ya zulia, akaendelea na kuanguka kutoka kitini, kisha kutoka kwenye ukuta mfupi ulio nyuma ya fleti, ambako wapangaji waliohama walikuwa wameacha magodoro. Hakumwita mtu mwingine kumsaidia isipokuwa binamu yake Précieux, mtoto wa Mjomba Balagizi, aliyeishi jengo la pili na kumzidi mwaka mmoja. Précieux alikuwa na simu nzuri na mdomo mwepesi. Ndiye aliyeleta ngazi ya baba yake.

Ngazi ndiyo iliyokuwa tatizo. Mwaka uliopita mwanamke mmoja alianguka kutoka kwenye ngazi huko ghalani, na Esperance ndiye aliyekaa naye sakafuni wakisubiri gari la wagonjwa. Tangu siku hiyo alimkataza Adolphine kupanda kitu chochote kirefu kuliko kiti. Adolphine aliitikia. Kisha akapanda.

Siku waliyoamua kurekodi video, Adolphine alivaa koti refu na kofia ya Mjomba, akajipaka unga usoni. Simu waliiegemeza kwenye pipa la taka, na Précieux akakanyaga mguu wa ngazi usiteleze. Adolphine alipanda na ndoo ya maji mkononi. Ngazi ilisimama wima bila kuegemea kitu, ikatikisika, ikaanza kulala polepole. Ilipofika nusu ya njia aliiachia, akakaza kidevu kifuani, akabingirika juu ya magodoro waliyoyafunika kwa shuka, akasimama. Kofia ilikuwa bado kichwani. Maji yote yalimwagika mgongoni kwake. Précieux alicheka mpaka akakaa chini, na Adolphine alijua kuwa hajawahi kufanya jambo zuri namna ile.

Précieux alimpelekea Kefa video hiyo bila kutaja aliyeanguka, na Jumamosi iliyofuata ikaonyeshwa ukumbini baada ya filamu kubwa, ikiwa imegeuzwa rangi nyeusi na nyeupe. Watu walicheka, wakataka irudiwe. Esperance, aliyeketi kando ya binti yake, alijifunika uso kwa kitenge, akachungulia, akacheka tena.

"Nani huyu?" Kefa aliuliza.

Adolphine aliinamisha kichwa. Alihisi bega la mama yake likigusa lake. Nyuma yao kiti kilikwaruza sakafu, na Précieux akasimama.

"Ni mimi," alisema.

Mwanzoni Adolphine alishusha pumzi. Alidhani binamu yake amemwokoa. Lakini Précieux hakuketi. Alikwenda mbele alipoitwa, akaeleza alivyofanya mazoezi, alivyoumia kiwiko, alivyojifunza kukaza kidevu. Kiwiko kilichoumia kilikuwa cha Adolphine, na bado kilikuwa na kidonda chini ya mkono wa sweta. Watu walipiga makofi. Esperance naye alipiga makofi.

Adolphine alimkuta Précieux jikoni mwa ukumbi.

"Umesema nini pale?"

"Nimekufichia siri yako. Ulitaka niseme ni wewe, na mama yako amekaa hapo?"

"Ungenyamaza."

Précieux alicheka. "Bon, haya, nenda umwambie sasa. Mwambie pia ulikuwa wapi alipokuwa anakupigia simu."

Masikio ya Adolphine yaliwaka moto. Alikuwa ameshika bakuli la kioo. Aliliweka mezani kwa nguvu hata likapasuka. Mama yake akaingia, akaona vipande, akamgombeza yeye.

Tangu siku hiyo hasira ilihamia kwao. Adolphine aliamka nayo na kwenda nayo shuleni. Kanisani watoto wadogo walimfuata Précieux wakimwomba awafundishe. Nyumbani Mama alisema, "Mimi ningekuwa mama yake nisingemruhusu kupanda ile ngazi. Lakini yule mtoto ana bidii. Akishika jambo analimaliza. Wewe siku hizi kazi yako ni kununa." Adolphine alisugua sufuria hadi vidole vikauma. Angeweza kusema ukweli wakati wowote. Ila ukweli kuhusu Précieux ulikuwa umefungwa pamoja na uongo wake mwenyewe. Asingeweza kuufungua mmoja bila mwingine kutoka.

Mwezi wa Julai makanisa ya Wakongomani kutoka Columbus na Buffalo yalitarajiwa kuja Louisville kwa mkutano mkubwa. Kefa alitangaza kwamba baada ya chakula Précieux angeufanya mchezo wa ngazi mbele ya wageni, papo hapo, juu ya nyasi. Précieux alikubali haraka, kama anavyokubali mambo yote. Siku chache kabla ya mkutano alimfuata Adolphine nyuma ya fleti. Hakuwa na mdomo mwepesi tena.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini? Si wewe uliyefanya?"

"Adolphine, acha. Niambie tu naiachia ngazi wakati gani."

Adolphine alimtazama. Alikumbuka makofi, na mama yake akipiga makofi. "Usiiachie," alisema. "Ishikilie kwa nguvu mpaka iguse chini. Watu hawajui, lakini hiyo ndiyo siri yake."

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka kawaida. Précieux alimshukuru.

Siku zilizofuata alijiambia kwamba Précieux anastahili aibu. Ataanguka vibaya, watu wote watajua kuwa ni mwongo, basi. Lakini alikuwa ameanguka na ngazi ile mara nyingi, na mwili wake ulijua kitu ambacho hasira haikutaka kusikia. Anayeishikilia hadi chini haoni aibu tu. Vidole vinabaki chini ya chuma, na kifua kinapiga kwenye vidaraja kwa uzito wote wa mwili. Kila wazo hilo lilipokuja, alilisukuma kwa kukumbuka yale makofi.

Siku ya mkutano mabasi yalijaza uwanja wa kanisa. Akina mama wa Columbus walishuka na masufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, yamefungwa kwa vitenge, na vijana wa Buffalo wakashusha ngoma. Baada ya chakula wageni walikaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka nyasi. Kefa alitandika mikeka ya mazoezi, mikeka myembamba.

"Umefanya mazoezi ya kutosha?" alimwuliza Précieux.

"Kila siku, Mwalimu."

Précieux alikuwa amevaa koti na kofia, na uso wake ulikuwa na unga. Kefa alikanyaga mguu wa ngazi, Précieux akaanza kupanda. Watoto walikuwa wameshaanza kucheka. Adolphine alikuwa amesimama nyuma ya viti, mikono imekunjwa. Aliona vidole vya binamu yake vikiikamata ngazi kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa.

Hakumbuki alivyopita kati ya viti. Alijikuta ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, akiivuta isiondoke mahali pake.

"Shuka," alisema.

"Toka hapa," Précieux alisema kwa sauti ya chini. "Unaniharibia."

"Nimekudanganya. Ukiishikilia mpaka chini utavunjika. Shuka."

Kicheko kilikatika. Kefa alimshika Précieux kiunoni na kumteremsha. Mjomba Balagizi alikuwa ameshafika. "Kuna nini hapa?"

"Ana wivu tu," Précieux alisema, akijipangusa unga usoni.

Adolphine aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama, sahani bado mkononi. Ilikuwa vigumu kusema mbele ya watu wote wale, lakini hasira ile ile iliyomfunga mdomo kwa miezi sasa ilimsukuma kusema. "Aliyeanguka kwenye ile video ni mimi. Mama, ulipopiga simu na mimi nikasema nafanya kazi za shule, nilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya ngazi. Précieux alichukua jina langu, na mimi nikamwelekeza vibaya makusudi, ili aanguke."

"Ni kweli?" Mjomba Balagizi alimwuliza mwanawe.

Précieux alitazama nyasi. "Ni kweli, Papa. Ni yeye. Mimi nilikanyaga ngazi tu."

Mjomba alimwinua kidevu. "Geuka. Wageni hawa wametoka mbali, na wewe ulitaka kuwapa uongo. Waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi." Précieux akageuka, akawaambia, na sauti yake ilikatika kabla hajamaliza. Kisha Kefa naye alisema mbele ya wote kwamba kosa lake ni kubwa kuliko la watoto. Aliamini video, hakutaka kwanza kuona kwa macho yake, na nusura mtoto wa watu aumie mikononi mwake. Ngazi ikakunjwa. Siku hiyo wageni walionyeshwa filamu ukumbini.

Esperance alimchukua binti yake hadi uwanja wa magari. Alikuwa na hasira ambayo Adolphine hakuwahi kuiona. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Mimi nilikaa sakafuni na yule mama," alisema. "Nilishika kichwa chake. Kila siku ninapokupigia simu, nataka kusikia kwamba mtoto wangu yuko salama. Na kila siku ulinipa uongo, nikarudi kazini nimeridhika. Ungevunjika shingo pale nyuma, nani angejua?"

"Nisamehe, Mama."

"Bado sijamaliza. Précieux alikuibia. Ni wizi, hata kama hakuchukua kitu cha kushika. Una haki ya kukasirika."

Adolphine alianza kulia. "Bado nimekasirika. Hata sasa."

"Kaa nayo hasira yako, itapoa siku yake. Lakini sikiliza. Yeye aliweza kukuibia kwa sababu ulikuwa umeshanidanganya mimi. Ungekuwa umeniomba ruhusa, hata nikakukatalia tukagombana, siku ile ungesimama ukasema ni wewe, na asingekuwa na kitu cha kukufungia mdomo. Kisha ukaongeza uongo wa pili kuufuata wa kwanza, na huo ungemvunja mtoto wa kaka yangu." Esperance alifuta uso wa binti yake kwa ncha ya kitenge, bila upole mwingi. "Mtu asiyesema ukweli mapema hulazimika kuusema baadaye kwa aibu kubwa zaidi. Leo umeusema kabla mtu hajaumia. Kwa hilo nakushukuru. Kwa mengine utaadhibiwa."

Adolphine aliitikia kwa kichwa.

"Na sasa nieleze," mama yake alisema. "Ile ngazi. Uliiachia wakati gani?"

"Ikifika nusu ya njia, Mama. Unakaza kidevu, halafu unabingirika."

Esperance alitikisa kichwa taratibu, akatazama mbali. "Nilicheka sana siku ile," alisema. "Sikujua nilikuwa namcheka mwanangu."