Kiti cha Kulia

Rafiki yangu Kingori, mwalimu hapa Nyeri, hataki tena kulizungumzia lile gari, kwa hivyo nitasimulia mimi. Lilikuwa Chevrolet la zamani aliloachiwa na babake, linang'aa kama jipya, na usukani wake uko kushoto, kama magari ya Marekani. Mamake alihitaji upasuaji, na Barnabas, polisi wa Endarasha, alikuwa tayari kulinunua.

Alasiri hiyo Kingori aliondoka peke yake. Ukungu ulishuka ukawa mzito hadi akawasha taa. Akina mama waliouza viazi kando ya barabara walimpungia mkono, lakini macho yao yalikuwa kwenye kiti cha kulia. Akajiambia wamezoea dereva kukaa upande huo.

Kingori alipozima injini na kushuka, Barnabas alikuwa ameinama kwenye dirisha la kulia, akiongea kwa adabu. Kisha akaja akisugua viganja.

"Mwalimu, si ungeniambia unakuja na mzee? Nimemsalimia, akanipea mkono tu, haongei. Ako na baridi mbaya. Mwambie aingie tukunywe chai."

"Nimekuja peke yangu," Kingori akasema. "Na hiyo kioo imekwama miaka mingi. Haishuki."

Barnabas akautazama mkono wake.

Nyuma yao, ndani ya ukungu, wakasikia chuma kikizungushwa, kri, kri, kri. Kile kioo cha kulia kilikuwa kinapandishwa, polepole, kama na mtu anayesikia baridi.