Abiria wa Mahame

Tuliondoka Puge saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimekwenda kumchukua mke wangu, Swaumu, kwa mama yake, pamoja na binti yetu Batuli wa miaka mitano. Nyuma tulipakia magunia matatu: mawili ya karanga, moja la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Safari ya kawaida kabisa.

Mimi ni fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora mjini. Ile kombi niliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na tangu siku hiyo sikupumzika. Mlango wake wa ubavuni haukufunga mpaka uunyanyue, uuvute, halafu uubamize mara mbili. Vumbi liliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Injini ilikuwa nyuma, chini ya mizigo, kwa hiyo ikichemka unashusha kila kitu barabarani ndipo uifikie. Na mtaa mzima uliifanya yake. Maiti, biharusi, mgonjwa, mbuzi wa akika… wote walibebwa na mimi, Nassibu. Mtu akigonga dirisha nilikuwa simuulizi tena. Nilikuwa nasema tu, "Panda."

Ilikuwa mwaka sabini na tano, kiangazi. Mwaka mmoja kabla yake watu walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Njiani ulipita mahame matupu. Nyumba hazikuwa na mapaa, kwa sababu wenyewe walikwenda na miti yao. Zilibaki kuta, na nyua za minyaa zisizozunguka kitu.

Injini ilichemka mbele ya mahame kama hayo.

Nilizima gari. Jua lilikuwa linazama.

"Hapa si pazuri," Swaumu alisema.

"Ngoja ipoe. Robo saa tu."

Batuli alikuwa amekaa kiti cha nyuma, anatafuna karanga. Niliposhuka niligundua hakuna sauti. Hakuna ndege, hakuna mdudu. Halafu ikaja harufu… majivu yaliyomwagiwa maji. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

Minyaa ikatikisika.

Alitoka bibi mmoja amejifunga kaniki, kichwani amebeba kigoda cha miguu mitatu. Alitembea polepole, akasimama hatua chache kutoka kwangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alinong'ona tu.

"Mnapita Itobela?"

Itobela kilikuwa kijiji kipya, maili nane mbele, palepale barabarani.

"Tunapita."

"Tuko wengi."

Nilitazama nyuma yake. Nilimwona yeye peke yake. Hapo mtu mwenye akili angekataa. Lakini miaka minne ya kuombwa lifti ilikuwa imenifundisha jibu moja tu, nalo likatoka lenyewe.

"Jibaneni," nikasema.

Nikafungua mlango. Bibi akapanda. Gari likashuka kidogo kwenye springi zake, kama linavyoshuka mtu akipanda.

Likashuka tena.

Na tena.

Nilisimama nimeshika mlango, nahesabu. Mara saba. Mbele ya macho yangu hapakupita mtu mwingine.

Kisha mlango ukaniponyoka mkononi. Ukateleza, ukajifunga. Mara moja, taratibu, bila kelele. Haukuwahi kufunga hivyo.

Sikuogopa. Nasema kweli, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilizunguka nikaketi kwenye usukani. Injini ikawaka papo hapo.

"Baba," Batuli akasema kule nyuma. "Mwambie huyu asinilalie."

Swaumu aligeuka. Sijui aliona nini. Alinyoosha mikono, akamvuta mtoto kupitia juu ya kiti, akampakata kule mbele. Mkono wa Batuli uligusa wangu. Ulikuwa wa baridi kama mtungi wa maji.

"Endesha," Swaumu akanong'ona. "Usigeuke."

Nikaendesha. Gari lilikuwa zito. Kwenye mwinuko mdogo, ambao siku zote nilikuwa napanda kwa gia ya tatu, nilirudi mpaka ya kwanza. Katika kioo niliona magunia, na bibi amekaa wima na kigoda chake mapajani. Pembeni yake kiti kilikuwa kitupu. Lakini nilisikia mwanamume anakohoa, kikohozi kikavu cha mzee. Nilisikia mtoto mchanga analia kidogo, na mtu anambembeleza.

Harufu ya majivu ilijaa mpaka nikaionja ulimini.

Niliendesha hivyo maili nane.

Giza lilikuwa limeingia tulipoona vibatari vya Itobela. Kidole kimoja kikanigusa bega la kushoto.

"Hapa."

Nikasimama. Mlango ukafunguka. Gari likanyanyuka, likanyanyuka tena. Safari hii pia nilihesabu. Saba. Bibi alikuwa wa mwisho. Alipita dirishani kwangu, akainama.

"Wao walipakiwa lori," alisema. "Sisi hatukuambiwa."

Akaondoka kuelekea kwenye nyumba. Mbwa walibweka kwa pamoja, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

Mwanamume mmoja alikuja na kibatari. Alikuwa Kornel, balozi wa nyumba kumi wa pale. Nilimfahamu, nilikuwa nimemshonea suruali.

"Umeleta wageni, fundi?"

"Nimeleta bibi mmoja. Sijui kapita wapi."

Kornel alinyanyua kibatari. Alikuwa anatazama barabarani, nyuma ya gari. Kigoda kilikuwa kimesimama pale katikati ya njia. Alikisogelea, akakimulika. Akachutama, akaipapasa miguu yake mitatu.

"Hiki tulikiacha kule mahame, juu ya kaburi la mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lori lilikuja asubuhi. Hatukupata muda wa kuwaaga wazee."

"Makaburi yenu yapo mangapi kule?" Swaumu akauliza.

"Saba. La mwisho la mtoto."

Alikifuta kigoda vumbi kwa shati lake, akakikumbatia.

"Nendeni," akasema. "Asante kwa lifti."

Batuli hakusema neno siku tatu. Siku ya nne aliomba uji, akacheza na wenzake, tukamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo analala amejibana ukutani, nusu ya kitanda ameiacha wazi. Swaumu hamuulizi. Mimi simuulizi.

Bega langu, pale kidole kiliponigusa, limekufa ganzi. Nimejaribu kwa sindano ya kazini. Nalichoma mpaka damu inatoka, sisikii kitu. Na ganzi haikukaa begani tu. Shemeji yangu alipofariki nilikaa msibani nikatazama watu wanalia, nikawa nafikiria springi za gari.

Nilitaka kuiuza kombi. Wanunuzi walikuja watatu. Kila mmoja alifungua mlango, akanusa, akakumbuka shughuli nyingine.

Miezi miwili baadaye mama mkwe aliugua, ikabidi nirudi Puge peke yangu. Nilipofika pale kwenye mahame nilikanyaga mafuta nipite kwa kasi. Injini ikazima. Haikuchemka, ilizima tu. Nilikaa nimeshika usukani mpaka nikaelewa. Nikashuka, nikafungua mlango, nikasubiri gari lishuke. Lilishuka mara mbili. Niliwafikisha Itobela.

Tangu hapo nasimama bila kulazimishwa. Magari siku hizi ni machache, petroli haipatikani, na kumbe kuna wengi waliosahauliwa katika vijiji vya nyuma kule, wanatembea mpaka barabarani. Sijawahi kumweleza mtu isipokuwa Swaumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele.

Juma lililopita nilipita pale magharibi inaingia. Alikuwepo mwanamke kijana, sikuwahi kumwona. Hakuwa na mzigo. Nilishuka, nikaufungua mlango kama kawaida.

"Itobela?" nikauliza.

Alitikisa kichwa.

"Itobela kumejaa," akanong'ona. "Tunakwenda Ng'ambo."

"Ng'ambo, kwetu? Kwa nani?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenyeji wake.

Nikasogea kando apande. Gari likashuka. Likashuka tena. Lilipofika mara ya tisa niliacha kuhesabu, nikaketi kwenye usukani, nikasubiri wamalize.