Mwanaume Ndani ya Nyumba Yangu

"Toka polepole. Mikono yako niione."

Nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga taulo, povu bado linanichuruzika shingoni. Jua la saa kumi jioni lilikuwa limejaa dirishani. Na kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe wamesimama askari wawili, mmoja mwanamke, mwingine mwanaume mrefu aliyeweka mkono kiunoni kwenye bastola.

Yule mwanamke akanong'ona, "Yuko wapi?"

Nikamkodolea macho tu. Yuko wapi nani?

"Dada, usiogope. Mwanao ametupigia simu. Amesema kuna mwanaume humu ndani, anamwita jina lake."

Jamani… Mwanangu Ianeta ana miaka saba. Kumbe nilipokuwa bafuni kuna mtu ameingia, anamwita mwanangu?

Nikafungua mdomo.

"Hakuna mwanaume humu," nikasema.

Yule askari mrefu akaruka. Akanipita, akachungulia bafuni nyuma yangu. Alikuwa anamtafuta aliyesema.

Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Niliyesema ni mimi.

Walimkuta Ianeta kwenye chumba cha kufulia, amejibanza kati ya mashine na ukuta, sare ya shule imelowa mkojo, simu yangu kaikumbatia kifuani. Aliponiona akanyoosha mikono yote miwili nimbebe.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia.

Mikono ikarudi chini. Akanitazama usoni, akatazama mdomo wangu, kisha akamrukia yule askari mwanamke na kumng'ang'ania shingo.

Uchungu wa kuzaa naujua, ndugu zangu. Huu ulikuwa mwingine kabisa.

Naitwa Fuatino. Ni Msamoa, naishi Logan, hapa Queensland, Australia. Tulieni niwaeleze sauti ya mwanaume iliingiaje kwenye koo langu.

Baada ya kumzaa Ianeta nilinenepa sana. Kwetu unene si kesi. Mtu akila magimbi na tui la nazi akashiba, watu humshukuru Mungu kwa niaba yake. Lakini mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na siku nilipomwona na mguu mmoja niliapa mimi sitafika huko. Nikaanza jimu.

Mwili ukanikubali. Mafuta yakayeyuka, misuli ikachomoza, nikanogewa. Wanawake wa kanisani walikuwa wananiminya mikono na kucheka, "We Tino, utambeba mchungaji na mimbari yake." Nikaota jambo moja: kupanda jukwaani mjini Gold Coast, kwenye mashindano ya wanawake wa misuli.

Ndipo nikampata Kocha Tamsin mtandaoni. Mzungu, mrembo, tumbo limekatika vipande kama mkate wa kugawana. Wafuasi kibao! Video zake zote alikuwa ameziwekea muziki, na maelezo yanapita kwa maandishi. Nikimpigia, hapokei. Dakika moja baadaye meseji inaingia: "Andika tu, mpenzi. Niko jimu."

Sikujiuliza kwa nini. Nani anajiuliza mambo hayo?

Vidonge alinitumia kwa posta, ndani ya kichupa cha vitamini. Siwadanganyi, aliniambia wazi kuwa ni steroidi, homoni za kukuza misuli.

"Ila hizi ni nyepesi, za wanawake," akaandika. "Jukwaani hakuna asiyetumia. Unaona mimi nina shida gani?"

Nikatazama picha zake. Sikuona shida yoyote. Nikameza.

Waliogundua kwanza ni kwaya. Mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza tangu msichana, zile noti za juu ambazo mjomba Iosua, mwalimu wetu, alikuwa akizifikia ananinyooshea kidole mimi tu. Kabla ya Pasaka zikaanza kunikatikia njiani. Akanihamishia sauti ya pili, akasema nipumzishe koo. Nikamwandikia Tamsin.

"Mafua hayo," akajibu. "Kunywa asali na tangawizi."

Nikanywa asali mpaka nikawa sitaki hata kuiona. Kufika Agosti mjomba Iosua akanishika bega, kwa huruma, akanipeleka nikasimame na wanaume. Wenzangu walicheka. Na mimi nikacheka… lakini usiku ule niliingia kitandani, mkono nimeuweka kooni kama mtu anayeshikilia kitu kisidondoke. Tangu hapo nyumbani nikawa nanong'ona tu, nasingizia mafua.

Maana koo halikuwa peke yake. Siku zangu zilikuwa zimekata. Chunusi zimejaa mgongoni. Kidevuni zimeota nywele ngumu, nazing'oa kila asubuhi na mlango nimeufunga kwa ufunguo, huku za kichwani zinabaki kwenye kitana. Moyo ulikuwa ukidunda vibaya hata nikiwa nimelala chali. Na mengine ya sehemu nyingine za mwili siandiki hapa. Wanawake mmenielewa.

Kwa nini sikuacha? Kwa sababu kioo kilikuwa kinanisifu. Na Tamsin alikuwa anasema, vumilia, jukwaa limekaribia.

Sasa msikie ya mume wangu. Sefo anafanya kazi migodini kaskazini, anakaa huko wiki mbili, anarudi wiki moja. Kabla ya siku ile ya askari alinipigia nikiwa nimetoka usingizini.

"Halo, mpenzi," nikapokea, nimesahau kunong'ona.

Akakata hapo hapo.

Nikadhani ni mtandao. Kumbe mwenzangu huko amekaa kitandani, jasho linamtoka, anajua kuna dume limepokea simu ya mkewe na kumwita mpenzi! Kesho yake akampigia Ianeta kwa siri kwenye tableti yake. Akamuuliza kama kuna mwanaume anakuja nyumbani. Mtoto akasema hapana. Baba mtu akamwambia, siku ukimsikia, jifiche, chukua simu ya mama, bonyeza sifuri mara tatu, namba ya dharura, kama mlivyofundishwa shuleni.

Ikafika siku ile. Niko bafuni, maji yananimwagikia, nikasikia mlango. Ametoka shule. Nikapaza sauti.

"Ianeta! Umefika? Njoo hapa!"

Aliyekuwa nje ya bafu alisikia mwanaume anamwita jina lake. Akafanya kama baba alivyomwelekeza. Mtoto mtiifu, jamani.

Sefo alirudi na ndege ya kwanza, ngumi zimekunjwa. Askari walikuwa wameshamwambia kwa simu lakini hakuamini. Nikamsemesha pale pale mlangoni. Akakaa chini kwenye ngazi kama mzee.

"Siku ile kwenye simu… ulikuwa ni wewe?"

"Ni mimi."

Akalia. Nilikuwa nimemzoea Sefo kwa hasira na utani, machozi yake yalinitisha kuliko bastola ya askari.

Kwa daktari nilienda na kichupa changu mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye asili ya Kihindi. Alinitoa damu, akapima moyo, akaingiza kamera nyembamba puani mpaka kooni. Majibu yalipotoka alinisogezea kiti karibu.

Ini langu lilikuwa limeumia. Mafuta ya damu yalikuwa yamevurugika, yale mazuri karibu yote yamekwisha. Akasema ningeendelea, angekuwa anaongea na Sefo, si na mimi.

Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Sauti yangu itarudi lini, daktari?"

Akavua miwani.

"Ukiacha leo, ini lina nafasi ya kupona. Na moyo tutaulinda. Lakini nyuzi za sauti zikishanenepa, hazikondi tena."

"Hata nikiacha kabisa?"

"Hata ukiacha kabisa. Pole sana, mama."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Tangu siku hiyo nikanyamaza. Nyumbani nilinunua kibao cheupe cha kuandikia, nikawa naandika. *Chakula tayari. Piga mswaki. Nakupenda.* Ianeta anasoma polepole kwa kidole, anatii, anaenda. Zamani alikuwa halali mpaka nimwimbie. Sasa alikuwa analala na taa inawaka, uso kaugeuzia mlangoni, anamsubiri yule mwanaume.

Sikutaka jukwaa tena, wala medali. Nilitaka siku moja nimwite mwanangu, aje, asinikimbie.

Na nilikuwa na hasira. Nikajirekodi voisi, nikamtumia Tamsin: "Sikiliza. Hii ndiyo sauti yangu sasa. Uliniambia ni mafua. Mwanangu amenikimbia."

Alama zikaonyesha ameisikiliza. Nikamwandikia kuwa nitaiweka hadharani na jina lake.

Simu ikaita.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Tamsin amenipigia! Nikapokea.

"Fuatino," ikasema sauti upande wa pili. Nzito, ya kukwaruza. Ya mwanaume.

Nikajua ni mumewe. Nikamwambia ampe simu mke wake, sina mazungumzo naye.

"Sina mume," ikasema ile sauti. "Ni mimi."

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama picha yake.

Muziki kwenye kila video. Andika tu, mpenzi. Niko jimu… Mwaka mzima nilikuwa namtazama mwanamke ambaye hajawahi kunisemesha, nikasema huyu hana shida yoyote.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu uliponiambia ni mafua?"

"Tangu kabla sijakutumia vile vidonge." Nilimsikia anavuta pumzi. "Mimi ilinianza hivyo hivyo. Nina miaka minne sijapokea simu ya mtu."

"Sasa kwa nini, Tamsin? Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Watu wakiisikia sauti yangu, nani atanifuata? Nitakula nini?"

Ungetusikia ungedhani ni wanaume wawili wanagombana.

Halafu akaniomba. Akasema nikimwanika, amekwisha. Nyamaza tu kama mimi, akasema, utazoea, kuandika siyo vibaya.

Nikatazama mezani. Kile kibao changu cheupe kilikuwa pale, kimeandikwa *Nakupenda*. Nikaogopa kuliko siku zote. Miaka minne ijayo nilikuwa nimeiona, nimeisikia kwa masikio yangu.

Nikakata simu bila kumjibu.

Ikaja Jumapili Nyeupe. Kwetu Wasamoa ni sikukuu ya watoto, wamevaa nyeupe tupu, kila mmoja anasimama mbele ya kanisa kusema mstari wake wa Biblia kwa kichwa. Mama anakaa benchi la mbele. Mtoto akikwama, mama ndiye anayemsaidia. Imekuwa hivyo tangu bibi zetu.

Sefo alikuwa ameitwa migodini. Nikakaa mbele peke yangu, mdomo nimeufunga. Kwaya nilikuwa nimeiacha; tangu Agosti hakuna aliyekuwa amenisikia pale.

Ianeta alipanda, maua meupe kichwani. Akaanza vizuri. Katikati akakwama.

Akarudia neno la mwisho. Akakwama tena.

Watu wakaanza kunitazama mimi. Mdomo wa mwanangu ukaanza kutetemeka, na mimi moyo unanipiga kama siku zile za vidonge. Nikisema atakimbia. Ataruka kwenye ile ngazi, mbele ya watu wote, anamkimbia mama yake. Nikinyamaza… nimeshakuwa Tamsin.

Nikasema.

Maneno yalitoka mazito, yakaenda mpaka ukutani yakarudi. Na vichwa vyote vikageukia upande wa wanaume, kutafuta ni baba gani amemsaidia mtoto. Mjomba Iosua peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Ianeta hakutazama upande wa wanaume.

Alinitazama mimi. Alinikodolea macho, kidevu kinacheza, miguu imekaa mkao wa kukimbia. Nikaliona lile wazo likipita usoni kwake. Kisha akashika gauni lake kwa mikono miwili, akasema maneno niliyompa, akaendelea na mstari wake mpaka mwisho.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya magari. Alinifuata. Akasimama mbali kidogo.

"Sema tena," akaniambia.

"Niseme nini, mwanangu?"

Akashtuka, bega likapanda. Lakini hakuondoka.

"Chochote. Nataka nizoee."

Bado anashtuka mpaka leo, siwafichi. Nikimwita ghafla namwona anavyoganda, halafu anajilazimisha kuja. Ini langu bado linapimwa. Siku moyo ukiruka pigo naogopa kulala. Vidonge nimeviacha, lakini vyenyewe bado havijaniacha.

Wewe dada uliyeko jimu na kichupa mkononi, na wewe kaka pia, maana kwenu wanaume vinakwenda moja kwa moja kwenye moyo na kwenye mbegu za uzazi: picha haina koo, haina ini. Anayekuuzia umbo la mwili, mwambie akupigie simu kwanza. Mwombe vipimo vyake vya damu. Akikwambia andika tu mpenzi, kimbia.

Jina la Tamsin silo lake. Lake halisi sikulitaja. Nimemtumia namba ya daktari wangu, na hajajibu.

Wengi mmeniandikia inboksi mnataka kunisikia. Nimeweka rekodi chini ya posti hii. Naimba ule wimbo niliokuwa namwimbia Ianeta alale, kwa sauti niliyobaki nayo. Mwanzoni kabisa mtasikia mtoto anaongea, sikumwomba, alinishika mkono nilipotaka kubonyeza.

Anasema, "Huyu ni mama yangu. Msiogope."