Kibuyu Kilichooshwa kwa Javel

Kila Ijumaa baada ya shule, Ihirwe alichemsha maziwa yaliyoletwa ndani ya bidoni kutoka milimani, akayaacha yapoe. Bibi yake Kabagwira, ambaye watoto wote wa mtaa ule wa Baraka walimwita Koko, aliyamimina katika kibuyu chenye maziwa kidogo ya wiki iliyopita, yanayogandisha mapya. Jumamosi yaliamka yameganda, mazito, yenye uchachu mtamu.

Kibuyu hicho kilitoka Bibokoboko, kijijini kwao milimani. Siku walipokimbia, ng'ombe walibaki, milango ilibaki, hata sufuria ilibaki jikoni na chakula chake. Koko alishika kibuyu. Waliowafukuza huenda wamesahau. Koko hajasahau.

Wiki hii Ganza, mdogo wake Ihirwe, alishinda ameshika tumbo. Alikuwa amezoea vijuisi vyekundu vinavyouzwa langoni mwa shule: maji, sukari na rangi, basi. Anayewauzia watoto wa watu hawapi wake!

"Kesho nitaponda ndizi mbivu katika maziwa ya mgando, nitie karanga za kukaanga," Koko aliahidi. "Bakuje batoto bote. Tutaona nani atarudilia ile rangi."

Ihirwe alitaka kila kitu king'ae. Shuleni walikuwa wamefundishwa kuosha vyombo kwa sababu ya kipindupindu. Koko alipokwenda sokoni, alimwaga maziwa kidogo yaliyobaki, akakisugua kibuyu kwa sabuni na javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu, akakisuuza, akakianika. Hakumwambia mtu. Jioni macho ya Koko hayakuona ndani, alimimina tu.

Asubuhi watoto walifika na vikombe vyao. Koko aliinamisha kibuyu. Maziwa yalitiririka mepesi kama yalivyomiminwa jana.

"Koko, leo ni maziwa ao ni mvua?" Jérémie wa nyumba ya pili alicheka.

"Ni Bisogo!" Koko alifoka. Bisogo ndiye aliyeleta maziwa. "Ametia maji ndani! Mwizi ule! Lete fimbo yangu, leo atanijua!"

Ihirwe alileta fimbo. Bisogo, aliyeteremka mlima mzima na bidoni kichwani! Koko alikuwa tayari mlangoni.

"Koko, ngoja. Bisogo hana kosa. Mi njo nilikosea. Nilikiosha na javel, ndani kabisa."

Koko aliketi chini taratibu, akakinusa kibuyu, akakipapasa kama mtoto mgonjwa.

"Basi imekwisha," alisema. "Ile mbegu ya maziwa ya Bibokoboko imekwisha."

Mama Akimana, jirani Mrundi aliyekuwa amemleta binti yake, akapiga makofi. "Imekwisha wapi? Koko, umesahau? Mwaka jana ulinigawia kikombe kimoja cha mgando. Tangu siku ile kibuyu changu hakijalala na njaa! Cha leo kimeganda tayari."

Alikimbia, akarudi nacho kimejaa. Maziwa yenye javel yalimwagwa. Ndizi zikapondwa, karanga zikatwangwa, na kikombe kimoja kikahifadhiwa kwa ajili ya kibuyu cha Koko. Ganza alipata masharubu meupe mpaka puani.

"Koko, iko ingine?"

"Iko, mulafi wee!"

Jérémie alilamba kikombe chake mpaka chini, akasema mvua kama hii inyeshe kila siku.

Koko alimwita Ihirwe. "Usafi ni muzuri, mutoto wangu. Javel ni ya ndoo. Kibuyu, unatoa kwanza ile kidogo ya zamani, unaiweka katika kikombe safi, halafu unakiosha na maji ya moto tu. Hukujua, hilo si kosa kubwa. Lakini ulinyamaza mpaka nikamuita Bisogo mwizi mbele ya batoto. Nami nilifoka bila kuuliza. Sasa beba kikombe hiki cha Bisogo, twende sisi wawili tumuombe samahani."

Njiani Ihirwe alikishika kwa mikono miwili, asimwage hata tone.

"Na ukumbuke," Koko akaongeza. "Ungeendelea kunyamaza, Mama Akimana angejuaje kama tunahitaji kibuyu chake?"