Hela Zilizooshwa kwa Limao

Agatha aliitika, "Abee mama," na hakuna aliyemwita. Romana alikuwa hapo hapo anachambua mchele, mchana kweupe, hajafungua mdomo. Akamwuliza bintiye anamwitikia nani.

"Wewe. Umeniita kule," mtoto akasema, akionyesha pori lililo nyuma ya nyumba, pale mtaa wa Misunkumilo unapoishia.

Romana akamwambia akacheze mbele. Mchele akauacha bila kuumaliza.

Mumewe Fabiani siku hizo alikuwa na wazimu wa hela za Mjerumani, zile sarafu za enzi ya ukoloni. Mpunga ulikuwa umemshinda, si kwa sababu ya mvua bali kwa uvivu, tuseme ukweli, akauza ng'ombe akanunua ditekta, ile mashine wachimbaji wadogo wanayopimia dhahabu. Dhahabu hakuiona. Alichopata ni hela kuukuu zenye tundu katikati, zimefukiwa chini ya mininga, kuanzia porini kwao mpaka kijiji cha Litapunga. Kila mti na hela yake moja. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nani huyo anayepoteza hela kwa mpangilio namna hiyo. Fabiani hakujiuliza. Tena zote zilitoka na uzi umepitishwa tunduni, na kwenye uzi kimeng'ang'ania kitu kikavu kama kipande cha ngozi. Nyuzi alizitupa. Hela alizitumbukiza kwenye kopo la maji ya limao, akazisugua kwa majivu mpaka zote zikafanana. Mnunuzi anapenda mali safi, alisema.

Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi mpaka kwenye ugali, lakini chumba cha Agatha kikaanza kunuka udongo mbichi, kama kaburi limechimbwa leo. Kuku wakagoma kupita chini ya dirisha lake. Mtoto akaacha kula, ukimgusa ni wa baridi, na zahanati walimpima wasione kitu.

Jioni moja, jua bado lipo, ditekta iliyokuwa imeegemezwa ukutani bila betri ikaanza kulia, kwanza kidogo, Fabiani akadhani ni simu, kisha kwa nguvu, akaichukua ili aizime na haikuzimika, na kila alipokaribia kitanda cha mtoto ikazidi, na ilipopita juu ya kifua chake ikalia mfululizo, sauti ile ile ya kukuta mali ardhini, na Agatha, macho yamefumbwa, akawa anaitikia abee, abee, abee, huku chini ya kitanda kitu kinakwangua sakafu taratibu, kama mtu anayechimba kwa kucha na hana haraka.

"Zima," Romana akanong'ona.

"Haina betri."

Romana akamtazama mumewe. "Baba Agatha, hela zile umezitoa wapi?"

"Porini."

"Na chini ya mninga uliopigwa radi?"

Fabiani akageuza macho kwenye kopo la limao. Romana akakaa sakafuni. Kwa sauti ya chini akamweleza kwamba walipomaliza kuzika watoto wote waliomtangulia Agatha, yeye alikwenda kwa mzee Nestori, mganga wa Kirundi. Mzee akachukua hela ya Mjerumani, akaifunga pamoja na kitovu cha Agatha kilichodondoka, kwa uzi uliochomolewa kwenye khanga ya mama, akaifukia chini ya mninga. Jini aliyekuwa anawachukua watoto akawa amelipwa, akamwacha huyu. Wanawake wengi walifanya hivyo, na waume hawakuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Kila wiki unawasema wanaokwenda kwa waganga. Ungenifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo," Fabiani akasema, akaanza kulia.

Nestori alikuja kesho yake mchana. Alipoletewa kopo alinusa limao, akageuza hela kiganjani moja moja.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nilitupa, mzee."

"Uzi ndio unaomtaja mtoto." Mzee akazimimina hela sakafuni. "Haya. Chagua."

"Mimi nitajuaje?"

"Nani mwingine alizitoa?"

Fabiani akachagua. Hela ikamponyoka, akaiokota, akasema ndiyo yenyewe, ana hakika. Hakuwa na hakika hata kidogo. Wakaifukia chini ya mninga uliopigwa radi, Nestori akasema maneno yake, na waliporudi harufu ya udongo ilikuwa imeondoka. Agatha alikuwa ameketi kitandani, ana joto. Romana akamkumbatia huku anacheka na kulia.

Mtoto akajitoa mikononi mwake taratibu, kwa adabu, kama unavyojitoa kwa mgeni. Akasema kitu kwa Kirundi. Nyumba ile haikuwahi kusema Kirundi.

Nestori akavua kofia. "Anasema anaitwa Emelyne. Anaomba apelekwe kwa mama yake Séverine, Litapunga."

"Tumekosea hela," Fabiani akasema. "Tufukie nyingine. Tufukie zote."

"Umelipa, umepewa. Uliyemlipia si wako." Mzee alikuwa anaongea kwa hasira sasa. "Na kila moja ina mwenyewe. Mwili ni huo mmoja. Utaingiza wangapi?"

Walimvumilia wiki nzima. Alikuwa mtoto mzuri, alifagia, alisalimia, na kila jioni alilia akitaka kwao. Mwishowe wakampakia bodaboda.

Séverine alikuwa bado na nguo za msiba. Mwanawe alianza kuitika asipoitwa, akaacha kula, akafa, siku zile zile ambazo Fabiani alikuwa anapita Litapunga na mashine yake. Mtoto aliruka kutoka kwenye pikipiki, akamkimbilia, akamnong'oneza sikioni. Yule mama akaitazama ile sura asiyoijua, akasikiliza, halafu akamkumbatia wakaanguka wote.

Fabiani alibaki barabarani. Hakuthubutu kuingia uani.

Romana aliingia. Alingoja mpaka Séverine akainua uso, akapiga magoti mbele yake kama mtu aliyekuja kuhani.

"Dada, naomba unionyeshe kaburi," akasema. "Wangu hana la kwake."

Séverine akanyanyuka, mtoto mgongoni, akampeleka nyuma ya migomba. Romana akakaa pale kwenye udongo ambao ulikuwa haujakauka, akajifunika khanga usoni, akaanza kumlilia Agatha kwa jina.