Pikapu Iliyovalishwa Kiatu Kimoja

"Dada, zima gari kwanza. Nani anakutengenezea hili gari?"

Mziba pancha alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama Viti akazima. Watu walimwita hivyo kwa sababu alikodisha viti vya plastiki kwenye shughuli, na pikapu hiyo kuukuu, ya marehemu baba yake, ndiyo iliyomlisha.

"Fundi Taratibu, wa gereji ya kule chini. Kwani vipi?"

"Bushi za kushoto, hizi raba za kuzuia vyuma visigongane, mpya kabisa. Za kulia zimekwisha, chuma kinakula chuma. Mtu ananunua kiatu kimoja?"

"Aliniambia tutafanya kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ni kula pilipili, dada. Bushi zikiisha, mzigo wote unaangukia hii boljointi, hiki kifundo kinachoshika gurudumu. Inama uone."

Akakitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto.

"Siku ukiingia shimo vibaya, gurudumu litashika njia yake na wewe yako. Nenda ukatengeneze sasa hivi, tena mwendo wa kinyonga."

Mama Viti akainama, akakitikisa na yeye. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amempeleka mama yake kliniki kwa gari hilo, ko-ko-ko njia nzima, mama kashika mlango kwa mikono miwili.

Simu ikaingia ujumbe wa Fundi Taratibu: "Mlio vipi leo? Kama bado unagonga pitia nikuangalizie. Chai ipo."

Ujumbe wa namna hiyo ulikuja kila wiki. Na kila wiki alipitia, akakalia kiti kilichokwisha kufutwa vumbi, wakacheka mpaka chai ikapoa. Siku za gereji alijipaka mafuta vizuri zaidi kuliko siku za shughuli. Gari lilirudi nyumbani likigonga vilevile.

Akapiga.

"Nambie, Mama Viti."

"Upo?"

"Nipo, nakusubiri wewe tu."

"Basi usiondoke."

Alimkuta anafuta kile kiti.

"Kiti kiache. Mtu ananunua kiatu kimoja? Bushi za kulia ziko wapi?"

"Zile... dukani zilikuwa hazijafika."

Mama Viti akaenda kwenye rafu. Nyuma ya kopo la grisi kulikuwa na boksi la bushi, limeshika vumbi. Akaliweka mbele yake.

"Hizi zimefika lini?"

Fundi akalikunja tambara, akalikunjua, akalikunja tena.

"Zilikuwepo siku zote. Nilijua nikizifunga gari litanyamaza. Likinyamaza, hutakuja tena."

Mafundi wenzake wakaanza kutafuta spana ambazo hazijapotea.

"Kwa hiyo umeniacha barabarani hivihivi ili unywe chai na mimi?"

"Bushi ni kelele tu, haziui mtu. Nilidhani..."

"Ingia chini utazame boljointi."

Akaingia. Walisikia chuma kikicheza. Alipotoka uso ulikuwa wa majivu.

"Nilipoigusa mara ya mwisho ilikuwa nzima. Zile bushi ndizo zimeiua. Ni mimi."

"Asubuhi nilimpakia mama yangu humo."

Fundi Taratibu akakaa chini, palepale kwenye mafuta.

"Usinikalie chini. Inuka ufanye kazi. Na mama anakuja kukutazama."

Mama mtu alikuja, akakalia kile kiti kilichofutwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinipoze kwa shikamoo, endelea kufungua. Nasikia wewe ndiye unayemtengeneza mwanangu kidogo kidogo."

Fundi akainamisha kichwa.

"Mimi nikisikia ko-ko-ko kwenye kona, natenga maji ya chai. Nasema mwanangu karudi salama. Kumbe nilikuwa nafurahia jeneza likipiga hodi."

"Nisamehe, mama."

"Fungua hiyo nati kwanza."

Alifungua magurudumu ya mbele yote mawili. Akafunga bushi, boljointi mpya pande zote, na shokapu za kumeza matuta juu yake.

"Na hii ya kushoto ilikuwa nzima, mbona umeibadilisha?" mama akauliza.

"Zote kwa pamoja, mama. Kiatu kimoja nimekoma."

Alipomaliza akaliendesha mwenyewe juu ya matuta yote ya barabara ile, akarudi. Gari halikutoa hata mguno. Mama Viti akapokea ufunguo.

"Asante ya kazi."

"Najua hutarudi."

Mama Viti akafungua mlango. Akampakia mama yake, wakaenda.

Wiki ile pikapu iliingia uani kimya kama paka. Mama akawa anashtuka jikoni.

"Mwanangu, gari limepona, mbona sasa unagonga wewe? Chakula huli, simu unaigeuzageuza."

"Alinidanganya, mama."

"Alikudanganya, na simtetei. Lakini nilikuuliza alisema nini alipotoka chini ya gari. Ukasema alisema 'ni mimi'. Wengi hutoka huko wakisema ni barabara."

Mama Viti akainuka, akajipaka mafuta.

Fundi Taratibu alimwona akiingia gereji, akatazama nyuma yake, hakuona gari. Spana akaiweka chini.

"Gari limekuwaje?"

"Gari liko nyumbani, zima."

"Sasa umekujaje?"

"Kwa miguu. Ungesema tu siku ile ya kwanza, ningekuja kwa miguu siku zote."

Fundi akachukua tambara, akaanza kufuta kiti.

"Sitarudia," akasema huku anafuta.

"Najua. Kuanzia sasa kila unachofunga nitaingia chini kukitazama. Mimina chai."

Wanangu, mkimpenda mtu, mwambieni kwa mdomo. Msimshike kwa kumharibia, maana ubovu mdogo ukiulea haukai mahali pake, unahamia kwenye kifundo. Na nyie mabinti, gari likigonga kila wiki na fundi anachekacheka, lipelekeni kwa mwingine akalitazame. Si kila siku mziba pancha atawawahi.

Siku ya harusi ya Mama Viti na Fundi Taratibu viti havikukodishwa. Walipotoka na pikapu yao mama aliwakimbilia mlangoni, akagonga kioo.

"Sikieni. Mkirudi hapa kwangu, pigeni honi kwenye kona. Nitajuaje kama nitenge chai?"